Msoma Mita

Kazi yangu ni kusoma mita za maji.
Langoni asubuhi, Mkomani mchana,
napiga hodi mara tatu,
nainama chini ya ngazi penye giza na mende,
napangusa kioo kwa kidole gumba,
naandika tarakimu. Basi.
Mwezi ujao narudi. Mita haijui kurudi nyuma.

Nyumbani kwetu mita ni ukuta wa jikoni.
Mlango wa mbele ni wa babu yake Somoe, wa mbambakofi,
umechongwa maua hadi kizingitini,
na mama mkwe alishaapa:
atakayeutia penseli atalala darini na popo.
Kwa hiyo nachora kando ya friji,
pale chokaa inapobanduka kama maganda ya kitunguu.

Mstari wa chini kabisa ni wa Mwanashee.
Haikuwa sherehe. Nilikuwa naparuza samaki,
Somoe yuko juu, anaanika.
Mtoto akaachia mguu wa meza,
akatutazama, mimi na paka,
kama mtu anayedai chenji yake.
Hatua moja. Ya pili. Ya tatu,
akamkalia paka.
Nikapiga ukelele, Bi Shekuwe akatoa kichwa dirishani.
"Kuna nini?"
"Kaenda! Mtoto kaenda!"
"Innalillahi," akasema, keshashika ushungi.
"La, bibi, kaenda kwa miguu!"

Somoe akashuka na beseni tupu.
"Kelele za nini?"
Neno lilishafika kwenye meno, nikalimeza.
"Paka," nikasema. "Kaiba samaki."

Kesho yake, baada ya alasiri,
Mwanashee akatoka mkekani hadi magotini kwa mama yake,
na Somoe akacheka, akalia, akanivuta shati:
"Umeona? Umeona? Ya kwanza hii!"
"Nimeona," nikasema. "Ya kwanza."
Nikaandika ukutani tarehe hiyo.
Mimi, ambaye sijampunguzia mtu uniti moja,
hata yule mwenye nyumba ya wageni
aliyeniwekea bahasha juu ya tangi.

Mistari imepanda.
Friji ile imekufa, imekuja nyingine,
na Mwanashee kaufikia mshikio wake.
Twalib hasimami akapimika;
mstari wake mmoja umepinda kama mkojo wa punda.

Jumatano nimerudi nyayo zinawaka.
Nikawakuta dakani, watatu,
wamejipanga kama wapokea wageni wa harusi.
"Litokele!" Mwanashee akaruka,
kwa ulimi wa bibi yake; shuleni wanamsahihisha,
akifika mlangoni keshasahau.
Kiganjani, ndani ya kipande cha gazeti la maandazi,
jino, dogo kama punje ya mchele.
"Sasa hivi, baba! Sasa hivi tu!"

Nikamgeuza penye mwanga.
Fizi kavu, nyekundu ya kupoa,
damu imeshasahau njia.
Jino limeoshwa, limekauka.
Nimesoma mita miaka kumi na mmoja.
Nikamtazama Somoe.
Somoe akatazama buibui lake msumarini.

"Mashallah," nikasema. "Nimewahi."

Tukapanda juu. Bibi anasema zamani zao
jino lilirushwa juu ya makuti, likatulia.
Letu likagonga tangi la plastiki, ti!
likapotelea nyuma ya dishi la jirani.
Twalib akaangua kilio: naye ang'olewe, leo leo.
Tukamtafutia punje ya mchele,
akairusha, ikaanguka miguuni pake,
akapiga makofi.

Usiku maji ya zamu yakafika.
Bomba likakohoa, likatema hewa, tangi likaanza kujaa.
Nikashuka jikoni na penseli.
Nikaandika: jino, la kwanza, la chini, kushoto.
Kwenye tarehe nikasita kidogo.
Nikaandika Jumatano,
kama nilivyoambiwa.